Polishi ya Viatu Inaua Simi ya Babu

Wadau wa Kisii na Nyamira, leo nitagusa watu pabaya. Kila tukiwa na shughuli nyumbani, iwe ni tohara za Desemba au matanga ya mzee, kuna simi inatolewa sandukuni. Mpini umevikwa ngozi, ala imevikwa ngozi, na yote imekauka kama chapati ya juzi. Kijana mwenye nia njema anajitolea: anaiosha kwa sabuni, anaianika juani, halafu anaisugua polishi nyeusi ya viatu mpaka inang'aa. Picha zinapigwa. Miezi michache baadaye ngozi imepasuka pale kwenye mshono, na watu wanasema ati ni uzee.

Si uzee. Ni sisi.

Ngozi ya simi na ngozi ya kiatu ni vitu viwili tofauti. Ya kiatu ilipitia kiwandani, ikatiwa chumvi za kromiamu au maji ya maganda ya miti kama hii miwati tumejaza kwenye mashamba yetu. Ala nyingi za zamani katika nyanda hizi, hasa simi za muundo wa Wamaasai na Wakipsigis ambao tumepakana nao, zilikuwa vipande viwili vya mbao vilivyovikwa ngozi mbichi. Mbichi kwa maana kwamba haikutiwa dawa yoyote. Ilikwanguliwa nyama na manyoya, ikashonwa ikiwa bado laini, ikaachwa ikauke. Ikikauka inajivuta na kubana mbao kama ngumi. Ni akili ile ile ya obokano: ngozi ya ng'ombe inavutwa juu ya mdomo wa chombo, inakauka ikiwa imekaza, ndipo zile nyuzi nane zinapata sauti ya kutetemesha kifua.

Sasa ukileta maji na sabuni, umefungua ile ngumi. Ukiianika juani inajivuta tena kwa nguvu, lakini safari hii uzi umechoka na mbao ndani imesinyaa. Lazima kitu kipasuke. Halafu polishi inakuja kufunika kidonda kwa rangi, inaziba ile rangi nyekundu ya zamani na alama za mikono ya waliokishika. Huwezi kuitoa tena.

Mbona wazee hawakuwa na shida hii? Si kwamba walikuwa na dawa ya siri. Kitu kilikuwa kinatumika, basi. Watu walijipaka mafuta, wakala nyama kwa mikono, wakashika mpini kila siku, na ngozi ikanywa kidogo kidogo. Usiku silaha ililala ndani ya nyumba ya nyasi yenye moto, na moshi ukafanya kazi yake. Moshi wa kuni una kemikali zinazofukuza wadudu na kuzuia ukungu, na huku kwetu ukungu si mchezo. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Acha mkoba wa ngozi kwenye kabati Nyamira mwezi wa Aprili, utaukuta na ndevu nyeupe.

Kwa hivyo utunzaji wa ngozi haukuwa somo peke yake. Ulikuwa ndani ya maisha ya ng'ombe na moto. Ndiyo maana ng'ombe walipoondoka, nao ukaondoka.

Na waliondoka vibaya. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza mifugo karibu Afrika Mashariki nzima. Mwaka wa 1905 Waingereza wakaleta jeshi na bunduki ya rashasha dhidi ya watu wa mikuki na ngao. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, Northcote, na jibu likawa msafara wa pili: nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. (Northcote alipona, na mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupewa nafasi ya kuzeeka.) Miaka michache baadaye serikali ikapiga marufuku ebisarate, zile kambi ambako vijana walilala na silaha kulinda mifugo. Hebu fikiria hapo. Kijana hana kambi, hana zamu ya usiku, hana sababu ya kushika mpini kila siku. Silaha ikawa kumbukumbu, na kumbukumbu haipakwi mafuta na mkono wa mtu.

Tunapenda kusema vitu vyetu viko salama huko majuu. Vipo, ni kweli. Mradi uliohusisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na makumbusho za Ujerumani ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya kwenye taasisi za ng'ambo. Lakini usalama wao ulikuwa wa aina gani? Kwa miaka mingi makumbusho za Ulaya na Marekani zilizuia wadudu kwenye ngozi, manyoya na mbao kwa kupaka aseniki, na baadaye DDT. Hiyo ni sumu. Mpaka leo wafanyakazi huko huvaa glavu wakishika baadhi ya vitu hivyo. Siku ala au ngao ikirudi nyumbani, huwezi tu kumpa mzee aibusu au mtoto aivae kwenye sherehe, kabla ipimwe. Sijasikia mwanasiasa wetu hata mmoja akiligusa hilo anapodai virudishwe, na mimi nadai virudishwe pia.

Hata hao wataalamu walikosea kwenye mafuta. British Museum ilikuwa na mchanganyiko wake maarufu wa nta ya nyuki, mafuta ya sufi ya kondoo na mafuta ya mwerezi, na ulipakwa kwenye ngozi kila mahali duniani. Baadaye wakagundua mafuta yakizidi yanashika vumbi, yanaharibika, na pale yanapokutana na shaba yanatoa uchafu wa kijani. Siku hizi ushauri wao kwa kitu cha kumbukumbu ni kukigusa kidogo iwezekanavyo.

Na hapa najua kuna mtu atasema turudie samli ya nyanya. Pole, hapana. Samli ilifaa kitu kinachofanya kazi kila siku, kwa sababu kazi iliifuta. Ukiipaka kwenye ala inayokaa ukutani mwaka mzima, itachacha na utakuwa umeandalia panya na mende karamu.

Ningekuwa na simi ya ukoo, ningefanya hivi. Vumbi nalitoa kwa brashi laini iliyo kavu, bila tone la maji. Chuma nakitoa ndani ya ala na kukiweka kando, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ule unakuwa kutu, kutu inakula ngozi kutoka ndani. Chuma chenyewe nakipaka mafuta mepesi ya mashine. Ala naijaza kitambaa cha pamba isijikunje, naifunga kwa shuka kuukuu, kamwe si karatasi ya plastiki, na kuiweka mbali na bati la paa na ukuta wenye unyevu. Nta ya nyuki, kiasi cha kupaka ukucha, ni kwa ala mpya tu ya kisu unachotumia shambani au kwenye bucha. Wachongaji wa Tabaka humalizia mawe yao kwa nta na yanapendeza, lakini jiwe halinywi na halijikunji.

Mkifungua sanduku Desemba hii, mwite mzee aliye karibu na simu iwe inarekodi. Muulize nani aliishona, ngozi ilitoka kwa ng'ombe gani, na ilining'inizwa wapi kabla nyumba kuezekwa bati. Aeleze kwa Ekegusii. Sabuni ibaki bafuni.