Brugge, mji uliozibwa na mchanga

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani kwamba mji hufa kwa vita au kwa moto. Leo twataka kuutazama mji mmoja wa kale wa Ubelgiji, Brugge, ambao adui yake mkubwa alikuwa mchanga.

Mji huu uko katika nchi tambarare ya Flandria, kadiri ya kilometa 15 kutoka baharini. Hapo kwanza ulikuwa ngome ya watawala wa nchi ile. Ndipo mwaka 1134 tufani kuu ilipoipasua pwani, maji yakaingia bara na kufanya mkono wa bahari uitwao Zwin. Watu wa Brugge hawakukawia: walichimba mfereji kuufikia, na mnamo 1180 ikajengwa bandari ya Damme. Sufu ilitoka Uingereza ikafumwa kuwa nguo, na mwaka 1277 zikafika merikebu za Genoa kutoka bahari ya Mediteranea.

Merikebu kubwa zilitia nanga mbali, mashua ndogo zikaleta shehena mpaka katikati ya mji. Kando ya uwanja wa soko lilikuwako jengo lililosimama juu ya maji yenyewe. Mashua ziliingia chini ya dari lake, zikapakuliwa pasipo mvua kugusa mzigo. Palikuwa pia na winchi kubwa ya mbao. Walioiendesha ni watu waliotembea ndani ya magurudumu yake, hatua kwa hatua, hata pipa la divai likapanda. Twaona ni haki kuwataja hao nao, maana vitabu hupenda kutaja wachuuzi peke yao. Wachuuzi walikutania penye nyumba ya wageni ya jamaa ya Van der Beurze. Kwa jina hilo Wafaransa hata leo huliita soko la hisa «bourse».

Walakini Zwin ilikuwa ikijaa mchanga mwaka hata mwaka. Watu wenyewe waliharakisha jambo hilo: walijenga kuta za udongo ili wapate mashamba, nguvu ya maji kujaa na kupwa ikapungua, isiweze tena kuusukuma mchanga nje.

Juu ya hayo yakaja magomvi. Mwaka 1488 watu wa Brugge walimfunga Maximilian wa Austria, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, wakamkata kichwa mtumishi wake, Pieter Lanchals. Maximilian naye aliwahimiza wachuuzi wa kigeni wahamie Antwerpen, nao wakahama. (Husimuliwa kwamba aliulazimisha mji kufuga mabata-maji milele, kwani jina Lanchals lafanana na maneno «shingo ndefu». Ni hadithi tu, ingawa ndege hao wapo.)

Umaskini ukakaa muda mrefu. Katika karne ya 19 wanawake wengi waliishi kwa kufuma lesi kwa ujira mdogo. Lakini asiye na fedha habomoi nyumba ili ajenge mpya. Kwa hiyo mitaa ya kale ilisalia, pamoja na mnara wa soko wenye meta 83, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji katika urithi wa dunia. Wageni wanaousifu leo wangekumbuka wale wafuma lesi.

Mwaka 1907 ilifunguliwa bandari mpya pwani, Zeebrugge, yenye mfereji mpaka mjini. Huko nako vyombo huchota mchanga na matope chini ya bahari mwaka mzima, ili meli zipate kupita.