Meseji ya 1001 inakwenda wapi? Kupima kikomo cha foleni kwenye ZeroMQ

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wanaoandika vijiprogramu vya maduka ya Kariakoo hawakipimi mpaka siku hesabu ya jioni inapogoma.

Chukua mfano huu. Duka liko Mtaa wa Kongo, stoo iko Mtaa wa Narung'ombe. Kila doti ya kitenge ikiuzwa, kompyuta ya dukani inatuma meseji stoo ili mzigo upungue kwenye hesabu. Mtandao ukikata, wateja hawakati, wanaendelea kununua. Meseji zinapanga foleni kwenye kompyuta ya dukani. Foleni hiyo inabeba ngapi, na ikijaa inakuwaje? Usidhani ni mambo ya kufikirika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini, na mtandao Bongo ukawa wa kusuasua kwa siku kadhaa.

Natumia ZeroMQ kama mfano kwa sababu ni ya bure na inaingia kwenye lugha karibu zote, Python ikiwemo. Ni laibrari ya kupitisha meseji kati ya programu na programu bila seva ya katikati. Ilitoka kampuni ya iMatix ya Ubelgiji, chini ya Pieter Hintjens, jamaa aliyekulia Afrika Mashariki na kufariki mwaka 2016.

Kila soketi ina vikomo viwili: ZMQ_SNDHWM upande wa kutuma na ZMQ_RCVHWM upande wa kupokea. Toleo la 2 halikuwa na kikomo usipoweka mwenyewe, foleni ilikua mpaka RAM inaisha na mashine inaganda. Kuanzia toleo la 3 kila upande umepewa 1000. Ukiandika 0 maana yake hakuna kikomo, na hapo umerudi kulekule kwenye kuganda.

Angalizo: hizo 1000 ni idadi ya meseji, siyo ukubwa. Meseji 1000 za KB 1 ni kama MB 1 tu. Zikiwa picha za bidhaa za MB 5 kila moja, ni GB 5. Halafu kikomo ni kwa kila aliyeunganishwa, kwa hiyo ukiwa na matawi 20 piga mara 20.

Sasa foleni ikijaa, ndipo penye balaa. Soketi ya PUSH au DEALER inagoma, yaani programu inasimama ikisubiri nafasi. Muuzaji atakwambia "kompyuta imestaki", angalau umejua kuna tatizo. PUB na ROUTER zenyewe zinaitupa meseji kimyakimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa, programu inaendelea kama kawaida, na stoo inabaki na vitenge ambavyo vilishauzwa. Kwa hesabu za pesa mimi nachagua kusimama kuliko kutupa.

Kupima siyo kazi ngumu. Waandishi wa ZeroMQ wenyewe wana faili la majaribio linaitwa test_hwm, nawe unaweza kuiga. Fungua PULL na PUSH ndani ya programu moja kwa njia ya inproc. Weka vikomo kabla ya bind au connect, maana kwenye matoleo ya zamani ukiviweka baadaye havikugusa muunganisho uliokwisha kufunguliwa (hapa wengi waliliwa). Tuma kwa ZMQ_DONTWAIT huku unahesabu, mpaka irudishe EAGAIN. Bila kubadilisha kitu utapata 2000, yaani 1000 za mtumaji jumlisha 1000 za mpokeaji. Kisha pokea zote, hesabu tena, halafu tuma moja ya ziada uone kama foleni imefunguka.

Ukihamia TCP hesabu hiyo nzuri inavurugika. Mfumo endeshi una bafa zake kila upande, kwa hiyo meseji ndogondogo zinaweza kupita nyingi kuliko 2000 kabla hujazuiwa. Na maelezo rasmi ya ZeroMQ yanaonya kwamba kikomo halisi kinaweza kuwa chini sana ya ulichoandika. Usijenge hesabu ya duka juu ya namba kamili hapo.

Jaribio la maana ni hili: ipe kila meseji namba, anza kutuma 5000 za uongo, katikati chomoa waya wa mtandao, subiri dakika chache, rudisha. Usiangalie ngapi zimetumwa, angalia namba zipi hazijafika. TCP haijui papo hapo kwamba waya umechomolewa, na meseji zilizokwisha kuingia kwenye bafa ya mfumo zinaweza kupotea muunganisho ukifa, hata kama foleni ya ZeroMQ haikujaa hata robo.

Halafu rudia, safari hii uzime kompyuta ya dukani kwenye swichi ya ukutani. Foleni yote iko kwenye RAM, na umeme wa Kariakoo mnaujua. Ndiyo maana mauzo yaandikwe kwanza kwenye diski, yatumwe, na yafutwe kwenye orodha ya kutuma pale tu stoo inapojibu kwamba namba fulani imefika. Stoo nayo iwe inakataa namba iliyokwisha kuipokea, la sivyo kitenge kimoja kitauzwa mara mbili.