Risasi Moja, Ganda Moja

Jua lilikuwa linazama na sisi tulikuwa bado tumeinama kwenye majani, tukitafuta ganda moja la risasi.

Ilikuwa siku yetu ya kwanza ya shabaha. Tulikuwa vijana tuliotoka kumaliza kidato cha sita, tumepelekwa kambini kwa mafunzo, na kutwa nzima tulikuwa tukisubiri zamu ya kulala kifudifudi na kufyatua risasi tano tano. Pembeni ya mstari alikaa koplo mmoja na daftari la kawaida la shule, peni yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa akiandika: jina, risasi tano zimetoka, maganda matano yamerudi. Platuni yetu ilikuwa na watu thelathini. Zimekwenda risasi 150. Yamerudi maganda 149.

"Hapa hakuna kula mpaka lipatikane," afande akasema. Hakupaza hata sauti.

Basi tukatafuta. Tulitambaa kwa mstari, tukapekua majani kwa vidole, tukachungulia kwenye mashimo ya panya. Lilipatikana giza likiwa linaingia, kwenye pindo la suruali ya mwenzetu mmoja. Bunduki ile hutupa maganda upande wa kulia kwa nguvu, nalo lilikuwa limeruka kutoka kwa jirani yake na kumtumbukia likiwa la moto. Alisema alihisi kitu kinamuunguza, akadhani ni siafu. Kabla ya kuondoka tulisimama mstari mmoja, tukageuza mifuko nje, tukanyoosha mikono na kufungua viganja, kisha kila mmoja akatamka: "Sina risasi wala ganda, afande." Ndipo tukaenda kula maharage yaliyopoa.

Wakati ule niliona ni utesaji tu wa kambini. Ganda tupu lina kazi gani? Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi wa habari na nikisoma historia ya Kongo kwa sababu ya makala nyingine kabisa, nilimkumbuka yule koplo na daftari lake. Nikaelewa kwamba sheria ile ina historia, na kwamba ukurasa mmoja wa historia hiyo unatisha.

Tuanze na ganda lenyewe. Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayowasha baruti, na ganda linalovishika vyote pamoja. Ganda zuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ile madini ya rangi ya manjano tunayoiona kwenye vitasa vya milango. Baruti inapolipuka, ganda hutanuka na kuziba kila upenyo ili moto usimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea kidogo ili litoke kwa urahisi. Kazi hiyo wanadamu waliipatia katika nusu ya pili ya karne ya 19, na ndiyo iliyofanya bunduki ya kisasa iwezekane.

Na ganda halifi kwa risasi moja. Ukibadilisha fataki, ukamimina baruti mpya na kupachika kichwa kipya, linafanya kazi tena. Ndiyo maana hata kwenye viwanja vya shabaha vya raia, huko Marekani na kwingineko, maganda yana sheria zake. Kuna viwanja ambavyo risasi ukiinunua pale lazima uimalize palepale, na ganda linabaki kuwa mali ya uwanja. Kuna vingine vinavyokuruhusu uokote ya kwako tu, na yaliyoangukia mbele ya mstari usiyaguse, kwa sababu mtu akijisahau akainama mbele ya mitutu anaweza asiinuke.

Jeshini kuna sababu nzito kuliko uchumi. Ganda likirudi, ni ushahidi kwamba risasi imepigwa mahali pake na haikwenda na mtu nyumbani. Sheria ya ganda, kwa ufupi, ni sheria ya kutoaminiana. Mkubwa anampa mdogo kifaa cha kuua, halafu anataka ajue kila tone la kifo hicho limekwenda wapi. Kwa hilo sina ugomvi. Nisingependa kuishi karibu na ghala la silaha lisilo na daftari.

Lakini daftari hujibu swali aliloulizwa tu. Hapo ndipo tunapofika Kongo.

Mwaka 1890, mataifa makubwa yalimaliza mkutano uliofanyika Brussels kwa nia, walisema, ya kukomesha biashara ya utumwa Afrika. Mkataba wake ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo kubwa la bara hili, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Marufuku hiyo haikuzihusu serikali zenyewe. Kwa hiyo Mwafrika alibakiwa na gobori, tena kwa kibali, na serikali ikabaki na bunduki inayotumia ganda la shaba. Mwenyeji wa mkutano alikuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye wakati huo alikuwa akiitawala Kongo kama shamba lake binafsi.

Jeshi lake liliitwa Force Publique. Maafisa walikuwa Wazungu, askari walikuwa Waafrika. Wengine wa mwanzo waliajiriwa kutoka Zanzibar na Afrika Magharibi, na baadaye wengi wakawa Wakongo waliochukuliwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1890 dunia ilipoanza kulilia mpira kwa ajili ya matairi, askari hawa walitumwa vijijini kuhakikisha watu wanaingia msituni kugema. Kijiji kisipoleta kiasi kilichotakiwa, kiliadhibiwa.

Risasi zilikuwa zinasafiri kwa meli kutoka Ulaya, kisha kwa vichwa vya wapagazi na kwa boti za mtoni. Zilikuwa ghali. Maafisa waliogopa mambo mawili: askari wazitumie kuwinda nyama, au wazifiche kwa ajili ya kuasi siku moja. Na hofu ya pili haikuwa ya bure, maana maasi makubwa yalitokea mwaka 1895 na 1897. Kwa hiyo wakadai hesabu.

Hapa nilisimama kusoma, nikafikiria ganda letu lililopotea. Ganda linathibitisha kwamba risasi imepigwa. Halithibitishi imempiga nani. Aliyepiga nyani anarudi na ganda sawa na la aliyepiga mtu. Katika sehemu nyingi za Kongo ile, maafisa walitaka uthibitisho wa pili: kwa kila risasi iliyotumika, mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa.

Mwaka 1899 mmishonari Mmarekani mweusi, William Sheppard, alifika eneo la Kasai ambako wapiganaji washirika wa serikali walikuwa wamevamia vijiji. Alikuta mikono ikikaushwa juu ya moto ili isioze kabla ya kufikishwa kwa wakubwa. Aliihesabu. Ilikuwa 81. Mkuu wa wapiganaji wale hakuona haya kumwonyesha. Alikuwa akieleza kazi, kama mtu anayekuonyesha stakabadhi zake.

Miaka minne baadaye, balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto kuchunguza. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1904, ina maelezo kwamba koplo anapokwenda kutafuta mpira hupewa risasi, zisizotumika azirudishe, na kwa kila iliyotumika alete mkono. Imo pia hesabu ya eneo moja la mto ambako zilitumika risasi 6,000 kwa miezi sita, na aliyetoa hesabu hiyo anaongeza kwamba waliouawa ni zaidi, kwa sababu watoto waliuawa kwa vitako vya bunduki.

Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Watoto hawamo kwenye hesabu kwa sababu kifo chao hakikugharimu risasi.

Na askari aliyepiga nyama porini? Huyo naye alikuwa na pengo la kuziba kwenye daftari. Ushahidi wa wakati ule unaeleza kwamba baadhi yao waliziba pengo hilo kwa kukata mikono ya watu walio hai. Kwetu sisi pengo la ganda moja lilitunyima chakula cha jioni. Kwao, pengo la risasi moja lilikuwa ni mkono wa mtu ambaye hakuna hata aliyemlenga.

Unaweza ukajiambia hayo ni ya Kongo na Leopold, mtu wa ajabu, na mwaka 1908 alinyang'anywa nchi ile. Hebu tusogee mpaka kwetu, Tanga. Tarehe 14 Aprili 1915, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, ikiwa imejificha kwa jina na bendera ya Denmark, ilikimbilia Ghuba ya Manza kaskazini ya mji huku ikipigwa mizinga na manowari ya Waingereza. Ilikuwa imebeba silaha kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, zikiwemo risasi kwa mamilioni. Waingereza waliiacha wakidhani imekwisha. Wajerumani wakazamisha watu kutoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, basi zikafunguliwa moja baada ya nyingine: kichwa kikatolewa, baruti ikaanikwa, ganda likasafishwa, kisha vikaunganishwa upya. Hebu fikiria uvumilivu huo, wa kuhangaika na risasi moja moja, mamilioni.

Risasi hizo zilipelekwa vitani kwa vichwa vya wapagazi. Wapagazi hao Wajerumani hawakuwawekea hesabu kamili, si ya waliochukuliwa wala ya waliokufa. Upande wa Waingereza palikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho kimetuachia jina la Kariakoo, la Dar na la Nairobi. Huko nako vitabu viliachwa na mapengo, na wanahistoria wanakadiria waliokufa walifika karibu 100,000, wengi kwa maradhi na njaa. Tunasema "karibu" kwa sababu hakuna aliyekaa pembeni ya mstari na daftari.

Sisemi kwamba yule koplo wetu alikuwa ndugu wa watu wa Leopold, la hasha. Alikuwa mtu mwenye haki ya kutaka ganda lake, na siku hizi namshukuru. Kwa sababu yake najua kitu ambacho kinanisaidia kazini. Ninapofika mahali palipopigwa risasi, maganda ndiyo huwa ya kwanza kunieleza mpigaji alisimama wapi. Na msemaji yeyote anapotuambia haijulikani ni nani aliyefyatua na zilitoka risasi ngapi, mimi hurudi kwenye majani yale. Risasi ya serikali hutoka ghalani kwa hesabu. Kama kuruta wa siku kumi aliulizwa ganda lake mpaka usiku, basi swali hilo linaweza kuulizwa kokote. Daftari lipo. Tuombe tulione.

Kisha tuulize la pili, ambalo Sheppard alilijibu kwa kusimama mbele ya ule moto na kuhesabu mwenyewe: na watu je, nani ameandika hesabu yao?

Yule mwenzetu wa pindo la suruali tunawasiliana bado. Anasema kovu la kuungua analo mpaka leo, dogo, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilipomwambia ninaandika makala hii alicheka, akaniuliza kama ninakumbuka tulivyosimama gizani, viganja wazi, tukisema hatuna kitu.

Nakumbuka. Tulikuwa thelathini, na afande alihesabu viganja vyote sitini.