Meno Mbele ya Jaji: Chimbuko la Ushahidi wa Daktari wa Meno

Kumbukumbu za daktari wa meno, yaani maelezo ya meno yaliyong'olewa, yaliyozibwa na yaliyowekwa ya bandia katika kinywa cha kila mgonjwa, hazikuanzishwa kwa ajili ya polisi wala mahakama. Zilikuwa msaada wa fundi katika kazi yake, na thamani yake kisheria ilijitokeza katika karne ya 19, pale moto ulipoteketeza alama nyingine zote za marehemu na kuyaacha meno.

Kesi iliyolithibitisha jambo hilo ni ile ya Boston, nchini Marekani. George Parkman, tajiri aliyemiliki ardhi na kukopesha fedha, alitoweka tarehe 23 Novemba 1849, na wiki moja baadaye vipande vya mwili vilikutwa katika maabara ya mdeni wake, John White Webster, aliyekuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Tiba cha Harvard. Kichwa hakikuonekana; ndani ya tanuru mlikuwa na mifupa iliyoungua na vipande vya meno ya bandia ya kauri. Nathan Cooley Keep, aliyeyatengeneza meno hayo mwaka 1846, alikuwa bado amehifadhi kalibu zake, yaani umbo la taya la mgonjwa lililonakiliwa kwa plasta, na mahakamani alionyesha jinsi vipande vile vilivyolingana nazo. Alieleza pia kwamba Parkman, ambaye taya lake la chini lilichomoza isivyo kawaida, alitaka meno yawe tayari kabla ya sherehe ya kufungua jengo jipya la chuo, na kwamba baadaye ilibidi ayasage upande wa ndani ili ulimi upate nafasi. Jengo hilo, lililosimama juu ya ardhi aliyoitoa Parkman mwenyewe, ndimo mabaki yake yalimopatikana.

Upande wa utetezi ulimwita William Morton, daktari wa meno aliyesifika kwa kutumia etha kuwalaza wagonjwa, naye akadai kwamba meno hayo hayakuwa na upekee wowote. Pingamizi lake halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa plasta peke yake haikuweza kusema ni ya nani, na ushahidi wote ulitegemea fundi mmoja aliyeikumbuka kazi ya mikono yake. Hata hivyo Webster alipatikana na hatia, akanyongwa Agosti 1850.

Huko Paris, tarehe 4 Mei 1897, moto uliozuka katika soko la hisani uliua watu zaidi ya 120, miongoni mwao Sophie Charlotte, mke wa Duki wa Alençon na dada wa Malkia Elisabeth wa Austria. Ndugu waliposhindwa kuwatambua wapendwa wao, konsuli wa Paraguay alishauri waitwe madaktari wa meno, na Sophie Charlotte akatambuliwa na daktari wake, Davenport. Mwaka uliofuata Oscar Amoëdo, mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi Paris, alichapisha kitabu kizima kuhusu nafasi ya udaktari wa meno katika sheria.

Jambo jingine lililohitajika ni kuzifanya kumbukumbu zisomeke hata na daktari mgeni. Adolf Zsigmondy wa Vienna alipendekeza mfumo wa kuyapa meno namba mwaka 1861, na ule unaotumika sana leo, wa tarakimu mbili, ulienea tangu miaka ya 1970: tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa, ya pili hutaja nafasi ya jino, hivyo 36 ni gego kubwa la kwanza la chini kushoto.

Umuhimu wa maandishi ulidhihirika baada ya kifo cha Adolf Hitler mwaka 1945. Ili kuyatambua mabaki yake, Wasovieti walimtegemea Käthe Heusermann, msaidizi wa daktari wa meno wa Hitler, aliyeeleza kwa kichwa madaraja na meno ya bandia aliyoyajua. Kisha wakamfunga kwa miaka mingi, na matokeo yakafichwa. Mwaka 1972 tu, baada ya ripoti ya Wasovieti kuchapishwa, Reidar Sognnaes na Ferdinand Strøm waliilinganisha na picha za eksirei za Hitler za mwaka 1944 zilizokuwa Marekani, wakathibitisha kwamba meno yalikuwa yake.