Msimu wa 1951 wa Timu ya Futiboli ya Chuo Kikuu cha San Francisco
Katika historia ya futiboli ya Kimarekani vyuoni, msimu wa 1951 wa Chuo Kikuu cha San Francisco unadhihirisha kuwa ushindi uwanjani haukutosha kuvunja mipaka ya ubaguzi wa rangi. Chini ya kocha Joe Kuharich, timu hiyo ilishinda michezo yake yote 9. Ollie Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, kiwango kilichowapita wachezaji wote wa vyuo nchini Marekani mwaka huo. Hata hivyo, kwa mujibu wa masimulizi ya wachezaji, mwaliko wa kushiriki michezo ya heshima ya kufunga msimu, ambayo ilikuwa na mapato makubwa, uliambatanishwa na sharti: Matson na Burl Toler, wachezaji wawili Weusi, waachwe nyumbani. Wenzao walikataa. Chuo, kilichokuwa kimeelemewa na gharama, kiliivunja timu baada ya msimu huo. Hivyo basi, hasara ya ubaguzi uliowalenga wawili iliwaangukia wote. Mwaka 1965 Toler alikuwa mwamuzi wa kwanza Mweusi katika ligi ya kulipwa ya NFL, miaka 14 baada ya kufungiwa mlango akiwa mchezaji.