Baiskeli ya Ivan na Pikipiki ya Horsemouth

Mwezi Novemba 2025 redio ilitangaza kwamba Jimmy Cliff, mwimbaji wa Jamaika, amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 81. Habari hiyo ilinikuta nimekaa kwenye benchi nje ya banda la fundi pikipiki hapa Bomang'ombe, karibu na njia panda ya kwenda Sanya Juu. Fundi aliweka spana chini, akafuta mikono kwa tambara, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, yule wa kanda yangu amekufa."

Sikuhitaji kuuliza kanda ipi. Ninayo mimi, na imekaa kwangu tangu mwaka 1991.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko mlimani. Sisi tuliotoka vyuo vya ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliamini kwamba mwalimu ni kioo cha jamii, na kwamba magugu hung'olewa yangali machanga. Kwangu mimi reggae na bangi vilikuwa kitu kimoja. Asubuhi moja mstarini nilimkuta kijana wa darasa la saba ana kanda mfukoni, imeandikwa kwa kalamu jina la Jimmy Cliff. Jalada la daftari lake alikuwa amelipaka rangi nyekundu, manjano na kijani. Niliamuru apigwe viboko sita mbele ya wenzake, na nikampiga mimi mwenyewe. Kabla hajainama aliniuliza, "Mwalimu, umeisikiliza?" Nilidhani ni ujeuri, nikaongeza viwili. Wiki ile ile aliacha shule, na mtihani wa darasa la saba hakuufanya.

Nilipostaafu na kuhamia huku chini nilimkuta ni mtu mzima mwenye banda lake na vijana wanaojifunza kazi kwake. Aliniamkia "Shikamoo Mwalimu" kana kwamba hakuna lililotokea. Miaka kadhaa ikapita hivyo, hata siku moja akanipa filamu mbili nikazitazame kwenye kompyuta ya mjukuu wangu. Alisema tu, "Tazama kwanza hii ya zamani, halafu hiyo nyingine." Nimezitazama mara nyingi tangu hapo, na ningependa kukueleza, ndugu msomaji, nilichokiona. Nitazipima kama mwalimu wa historia, kwa maana kazi hiyo ndiyo niliyoizoea.

Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, yapata miezi minane baada ya Tanganyika. Kama kwetu, vijana wa mashamba walipanda mabasi kwenda mjini kutafuta maisha, na mji haukuwa na kazi za kuwatosha. Miaka kumi baada ya uhuru, yaani 1972, Perry Henzell alitoa filamu iitwayo The Harder They Come. Mwaka huo huo Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, na mmoja wa wachapishaji wake alikuwa Tanzania Publishing House ya hapa nchini. Rodney huyo alikuwa amezuiwa kurudi Jamaika mwezi Oktoba 1968, kwa sababu alikuwa akikaa vibarazani na Marasta na maskini wa Kingston akizungumza nao historia ya Afrika. Kuzuiwa kwake kulizusha ghasia mjini humo. Sisemi kwamba Henzell na Rodney walishauriana. Nasema kwamba filamu na kitabu vilichota maji katika kisima kimoja.

Filamu ya Henzell inamhusu Ivan, kijana wa shamba anayeingia Kingston kwa basi akitaka kuwa mwimbaji. Jina na mkasa vilitokana na mtu wa kweli, mhalifu Ivanhoe Martin, ambaye polisi walimwua mwaka 1948. Ivan wa kwenye filamu, ambaye ni Jimmy Cliff mwenyewe, anapata hifadhi na kazi kwa mhubiri mmoja. Pale anaokota mabaki ya baiskeli, anayaunga kwa mikono yake mpaka baiskeli inatembea. Anapoambiwa si yake, ugomvi unazuka, anamkata mtu, na mahakama inaamuru achapwe. Baadaye anarekodi wimbo. Mwenye studio anampa dola 20 tu, achukue au aache. Ivan anakataa, anajaribu kuuza santuri yake mwenyewe, anakuta milango yote ina ufunguo mmoja na ufunguo uko mfukoni mwa yule yule tajiri. Anarudi, anasaini. Njaa inamwingiza katika biashara ya bangi, kisha anawapiga polisi risasi, na wimbo wake unavuma akiwa anawindwa. Mwisho wake ni ufukweni, peke yake.

Muziki wa filamu hii ulitolewa pia kama santuri, na santuri hiyo ilisafiri mbali kuliko filamu. Cliff anaimba nyimbo nne, mbili kati ya hizo zikirudiwa mwishoni. Zilizobaki ni za watu wengine: Desmond Dekker, Toots na Maytals, Melodians, Slickers, na Scotty. Nyingi hazikutungwa kwa ajili ya filamu. Zilikuwa zimekwisha kupigwa Jamaika kabla yake, ule wa Dekker tangu 1967. Kwa hiyo ile ni diwani ya miaka kama mitano ya muziki wa taifa changa, iliyokusanywa na mtu aliyejua kuchagua. Wimbo wa Melodians unatokana na Zaburi ya 137, ya mateka wanaotakiwa na waliowateka wawaimbie. Sisi Wakristo wa Kilimanjaro tunaijua zaburi hiyo, na mwaka 1978 kundi la Boney M liliurekodi upya wimbo huo ukapigwa kila mahali. Nilikuwa nikiucheza harusini bila kujua kwamba ni wa Marasta.

Filamu ya pili ni Rockers, iliyotengenezwa mwaka 1978 na Ted Bafaloukos, Mgiriki. Hapa wanaoigiza ni wanamuziki wenyewe, wengi kwa majina yao. Mhusika mkuu ni mpiga dramu Leroy Wallace, ambaye wote wanamwita Horsemouth. Amepiga katika santuri nyingi, lakini nyumbani kwake hakuna kitu. Anakopa kwa marafiki, ananunua pikipiki apate kusambaza santuri madukani, nayo inaibwa. Anapogundua kwamba wezi ni watu wakubwa wenye maghala na majumba, hashiki bunduki. Anakusanya wenzake. Usiku mmoja wanayahamisha mali ya wale matajiri, na kulipopambazuka watu wa mtaa wa mabanda wanafungua milango na kukuta vitu vimepangwa nje.

Muziki wa Rockers nao ulitolewa kama santuri, mwaka 1979. Humo wamo Peter Tosh, Bunny Wailer, Gregory Isaacs, Junior Murvin, Jacob Miller, Heptones na wengine. Hii nayo ni diwani, maana baadhi ya nyimbo zilikuwa zimevuma miaka ya kabla. Tofauti iko katika jinsi zinavyotumika. Katika filamu ya Henzell nyimbo za Cliff zinamfuata Ivan kama mawazo yake mwenyewe, hata ukifumba macho unajua yuko katika hali gani. Katika Rockers nyimbo ni za umma: mmoja anaimba jukwaani, mwingine hotelini mbele ya watalii, na Burning Spear anaimba usiku kando ya bahari bila ala yoyote, Horsemouth amekaa karibu yake akisikiliza. Jina hilo la Burning Spear, yaani Mkuki Uwakao, mwimbaji yule alilichukua kutokana na sifa aliyopewa Jomo Kenyatta wa Kenya. Wakati sisi tunawakataza watoto muziki wa Jamaika, Wajamaika walikuwa wakijiita kwa majina ya wazee wetu.

Sasa nizilinganishe. Filamu zote mbili zinasimama juu ya magurudumu mawili. Ivan ana baiskeli, Horsemouth ana pikipiki, na kila mmoja ananyang'anywa chombo ambacho kingemwezesha kujitegemea. Mtu wa Bomang'ombe hahitaji kuelezwa jambo hilo. Vijana wangapi hapa wanaishi kwa bodaboda ya mkopo, na ikipotea usiku mmoja maisha yote yanarudi nyuma? Lakini Ivan anajibu peke yake na anakufa peke yake, na Horsemouth anajibu na wenzake na anabaki hai. Mwandishi mvivu angesema basi funzo ni umoja, akaweka kalamu chini.

Mimi nadhani jambo si jepesi hivyo. Mwisho wa Rockers ni mtamu kama hadithi za jioni, na maisha hayakuwafuata wasanii wake kwa utamu huo. Jacob Miller alikufa kwa ajali ya gari mwezi Machi 1980. Peter Tosh aliuawa nyumbani kwake tarehe 11 Septemba 1987. Mwisho wa Ivan ni mchungu, lakini ndio unaoeleza kwa usahihi jinsi mambo yalivyokwenda: anayetoa sauti hupata dola 20, mwenye mashine hupata zilizobaki. Kwa ukweli wa mambo nampa ushindi Henzell. Kwa matumaini, na kwa kuonyesha jinsi maskini wanavyochekeshana na kukopeshana, nampa Bafaloukos. Na kwa santuri, fundi wangu na mimi hatukubaliani. Yeye anasema ya kwanza haina mfano duniani. Mimi, uzeeni, narudia zaidi ile ya pili kwa sababu ya sauti nyingi zilizomo.

Zote mbili zinatumia lugha ya mitaani ya Jamaika, kiasi kwamba zilipoonyeshwa Marekani ziliwekewa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilimfundisha mtoto wa watu miaka saba kwamba lugha ya watu wa kawaida ni hazina, kisha nikamchapa kwa kuisikiliza ya wengine.

Siwezi kuficha kwamba bangi imo katika filamu zote mbili, na bado naipinga kama nilivyoipinga zamani. Ila niliona bangi nikadhani nimeona yote. Sikujua kwamba Bob Marley alikuwa ameimba uwanja wa Rufaro usiku Zimbabwe ilipozaliwa, Aprili 1980, wala sikutaka kujua. Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na redio ilikuwa moja. Muziki ulipita mkononi, kanda ikinakiliwa kwenye kanda, mpaka sauti inakwaruza. Kwa njia hiyo ulifika Bukoba, ambako alitokea Justin Kalikawe, aliyeimba reggae kwa Kiswahili mpaka alipofariki mwaka 2003. Ulifika pia katika mfuko wa kaptura mstarini, mbele yangu. Leo reggae imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, tangu 2018. Mtoto wa darasa la saba alitangulia kuujua urithi huo miaka 27 kabla yao.

Kuna mahali katika filamu ya kwanza ambapo siku zote husimamisha picha. Ni pale Ivan anapochapwa kwa amri ya mahakama. Kamera haigeuki pembeni. Baada ya hapo Ivan hawi tena yule kijana aliyeshuka kwenye basi na vifurushi vyake. Niliwachapa watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, na sikuwahi kulazimika kutazama uso wa anayechapwa, kwa sababu nilisimama nyuma yake.

Siku ile ya habari ya kifo nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku la bati ninamoweka barua za kuteuliwa na picha za mahafali, nikaitoa kanda. Nilirudi bandani nikamkabidhi. Nikamwambia, "Uliniuliza swali mwaka 1991, sikukujibu. Sikuwa nimeisikiliza." Aliigeuza geuza, akatazama mwandiko wake wa utotoni. Akasema utepe umegandamana, na tena siku hizi hana mashine ya kuipigia. Sikujua niseme nini. Nikataka kumwomba radhi kwa ajili ya mtihani ule, maneno yakanikwama, maana kijana aliyeukosa sasa ana miaka karibu hamsini na radhi yangu haimrudishi darasani.

Yeye ndiye aliyenisaidia. Aliiweka kanda juu ya rafu, kati ya makopo ya oili, akaniuliza, "Na sasa umeisikiliza, Mwalimu?"

Nikamjibu, "Nimeisikiliza."

"Basi," akasema, na akaichukua spana yake.