Mashahidi Watatu wa Kilwa

Watoto wetu wa miaka 12 au 13 wakiuliza kama kweli Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz akaitawala Kilwa, tuwaletee mashahidi watatu. Mreno João de Barros alichapisha habari hizo mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu iliyoko London ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19. Hawa wawili wanatofautiana kuhusu masultani na miaka yao. Wa tatu ni sarafu zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: zina jina la Ali bin al-Hasan, lakini Shiraz haikutajwa. Basi tuwafunze kuuliza: nani kaandika, lini, na kwa faida ya nani? Nasi tunaojinasibu na Shiraz tusilikwepe swali hilo, hata mbele ya shajara ya nasaba tuliyoitundika ukutani.